Kuzunguka Unguja na familia: gari na dereva kutwa, gari ya kujiendesha, au daladala?

Mluguru_wa_Kihonda
Wakuu, salaam. Mwezi ujao naipeleka familia Unguja: mke wangu, watoto wawili wa shule ya msingi, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Tambarare anatembea vizuri, ngazi ndizo zinamshinda. Tunaingia Alhamisi mchana kwa boti ya kutoka Dar na kuondoka Jumatatu asubuhi. Tumepata chumba Mji Mkongwe, upande wa Malindi.

Tunataka kuona kima punju wa Jozani, shamba la viungo, pomboo wa Kizimkazi, na watoto waogelee Nungwi. Nimeulizia gari na dereva kwa watu watatu. Bei ya mmoja inakaribia mara mbili ya mwenzake, na wote wanasema "kila kitu kimo". Jirani yangu anasema nikodi gari niendeshe mwenyewe. Shemeji yangu anasema daladala zinafika kila mahali, nisitupe hela. Waliokwenda, na wenyeji hasa, naomba mnisaidie kupima.

Shangani_87
Karibu kisiwani, kaka, na bi mkubwa tunampokea kwa mikono miwili.

Anza na ramani kabla ya bei. Unguja ina urefu wa kilomita kama 85 tu, ila barabara kubwa zote zinaanzia mjini. Nungwi ni ncha ya kaskazini, Kizimkazi ni ncha ya kusini. Anayekuahidi zote mbili kwa siku moja atakuzungusha kwenye kiti cha gari, na mama atashuka kavimba miguu. Siku moja kusini, siku moja kaskazini, basi.

Na siku ya Mji Mkongwe usikodi gari kabisa. Vichochoro vile gari haipiti. Forodhani, Ngome Kongwe, kanisa la Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa, soko la Darajani, kote huko ni mwendo wa miguu wa pole pole. Wageni wengi wanalipia gari siku nne, na siku mbili kati ya hizo dereva anashinda kivulini.

NjiaPanda_Tz
Mimi natetea kujiendesha. Barabara ya Paje na ya Nungwi ni lami, tunaendesha kushoto kama bara, na vigari vidogo vya kukodi, Escudo na RAV4, vimejaa. Unasimama utakapo, hakuna anayekuharakisha. Tulipokaa Paje na rafiki zangu, gari ilikuwa yetu usiku na mchana na gharama ikagawanyika.

Ila kagua gari kabla ya kusaini. Piga picha kila mkwaruzo, angalia tairi ya akiba na jeki, soma karatasi ya bima inasema nini ukigonga. Hati zote ziwe ndani, maana vizuizi vya askari ni vingi njiani. Na jaza mafuta mjini, huko shamba vituo ni vya kuhesabu.

Mama_wa_Chumbageni
NjiaPanda, wewe ulikuwa na vijana wenzako. Huyu ana mama mtu mzima na watoto. Akishafika Jozani nani abaki na mama, nani aende na watoto, nani aangalie gari? Usiku ndiyo zaidi: ukitoka mjini taa za barabarani zinakwisha, kuna baiskeli zisizo na taa, ng'ombe, na watu wanatoka msikitini. Baba wa watoto atashika usukani siku nzima na pomboo atawaona kwenye picha.

Mimi nilikwenda na mama mkwe, tukachukua dereva. Gari nzuri, kiyoyozi kizuri, lakini kila baada ya nusu saa tunasimamishwa kwenye duka. Duka la vinyago, duka la viungo vya kufungwa kwenye vipakti, duka la vitenge. Jozani tukafika jua la utosi, kima wamejificha juu kabisa ya miti. Ile bei yake ya chini tuliilipa kwa muda wetu. Kwa hiyo ndugu yangu, hiyo "kila kitu kimo" ivunje vipande. Uliza mafuta ni ya nani, viingilio ni vya nani, boti imo au haimo, chakula cha dereva, saa ya kurudi, na kama kuna duka njiani msiloliomba.

Dereva_Kisauni
Asalaam aleikum. Mie kazi yangu ndiyo hii, kwa hiyo nitasema inavyokwenda.

Madereva wengi gari si zetu. Zina tajiri wake, na kila siku anataka hesabu yake, upate abiria usipate. Juu ya hesabu weka mafuta. Mjini hadi Nungwi kwenda na kurudi, na vituo vyako, ni kilomita kama 120. Kizimkazi, Jozani, Paje hadi mjini ni kama 150. Noah inakula lita moja kwa kilomita nane au tisa, kiyoyozi kikiwaka. Chukua bei ya mafuta iliyotangazwa mwezi huo na ZURA, mamlaka inayosimamia bei hizo Zanzibar, zidisha, utaona mwenyewe yule wa bei ya chini kabisa amebakiwa na nini mkononi. Akibakiwa na kidogo mno, hiyo tofauti ataitafuta kwenye kamisheni za maduka kama alivyosema dada hapo juu, au atakuongezea bei mkiwa njiani. Huwezi kumlaumu sana, nyumbani kunamngoja, lakini mgeni ndiye anayeumia.

Kwa watu watano na mwenye magoti, chagua Noah. Mlango unasukumwa pembeni, kiti kiko chini, mama anaingia bila kupanda. Alphard ni tamu zaidi, na utailipia utamu huo. Hiace ni kubwa mno kwenu, na kile kidaraja cha kupandia kiko juu.

Usikubaliane na mtu bandarini. Ukitoka kwenye boti papasi, wale madalali wa wageni, watakuvamia, kila mmoja ana "gari ya kaka yake". Zungumza na dereva mwenyewe kwa simu siku mbili tatu kabla, akutumie picha ya gari na namba yake, uulize kama imesajiliwa kwa biashara. Gari ya mtu binafsi ikikamatwa na abiria wa kulipa, nyie ndio mnaoshushwa njiani. Malipo ya mbele toa kidogo ya kumfunga, mengine jioni mkirudi.

Tena Ijumaa. Kuanzia saa sita na nusu hadi saa saba na nusu mchana dereva Mwislamu atataka kuswali. Kama ni siku ya safari, panga mfike kijijini wakati huo mle chakula. Ila kwa ratiba yako Ijumaa naiona ni ya mjini.

Mwanachuo_Vuga
Mtetezi wa daladala nimefika. 116 inakwenda Nungwi, 309 Jambiani, nauli yake haifiki hata robo ya teksi. Kwa kijana mwenye begi moja hakuna usafiri bora, na nusu ya kisiwa unaijua ukiwa umekaa kwenye benchi la chai maharage, zile daladala za mbao, na madumu ya mafuta ya taa miguuni.

Lakini shemeji yako, kaka, hakumfikiria mama. Gari zile za mbao unapanda kwa nyuma huku umeinama, mnabanwa, inasimama kila penye mtu, na jioni zinakatika mapema. Ukichelewa Kendwa unalala Kendwa. Daladala tumia kwa jambo dogo, kwa mfano 505 ya uwanja wa ndege mkiwa hamna mizigo.

Mluguru_wa_Kihonda
Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Kujiendesha nimekuondoa, na daladala nitapanda mimi na watoto kwa raha yetu tu. Sasa niulize: mama ataweza vituo vipi? Na kuna mtu kaniambia nikienda Paje saa mbaya sitaiona bahari. Ni kweli?

Binti_Jambiani
Ni kweli tupu. Pwani yetu ya mashariki ina mwamba mbali kule, maji yakipwa yanakwenda hadi huko, na watoto wako watakuta mchanga na vidimbwi. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali, huko mnaogelea saa yoyote.

Angalia kalenda ya Kiislamu. Mwezi mwandamo na tarehe kumi na tano, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndiyo bamvua. Siku hizo maji hupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi na kujaa saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, tarehe saba nane na ishirini na mbili hivi, mambo hugeuka, maji yanajaa asubuhi na hayajai sana. Kila siku saa inasogea mbele kwa dakika kama hamsini. Dereva anayejua kazi atakupangia safari kwa maji, na hilo ndilo swali ningemuuliza kabla ya kuuliza gari ni ya mwaka gani: "Siku hiyo maji ya kusini yako vipi?" Akikujibu "yapo tu", tafuta mwingine.

Na maji kupwa si hasara. Asubuhi ya bamvua ndipo wanawake wa kwetu wanaposhuka kwenye mashamba ya mwani. Utawaona wamekaa ndani ya maji ya magotini, wanafunga vishada kwenye kamba zilizopigiwa vijiti, kisha wanabeba magunia mabichi kichwani. Waonesheni watoto kazi hiyo. Ukitaka kupiga picha, omba kwanza.

Vituo vya mama: Jozani ni tambarare, na kima mara nyingi wako karibu na lango, hahitaji kuingia msituni mbali. Njia ya mbao kwenye mikoko pia haina ngazi za kutisha. Kizimkazi boti ndiyo tatizo, unaingia majini hadi magotini ndipo upande. Akae Kizimkazi Dimbani, pale kuna msikiti wa kale wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Aende na mtandio, aombe ruhusa kwa wenyeji.

Kuhusu pomboo nina ombi. Mwambieni nahodha kabla hamjaondoka asiwakimbize. Boti kumi zikiwazingira wanyama wale, wanazama na kuhama, na wanaonyonyesha watoto wao hawapumziki. Mkizima injini na kungoja kwa mbali, mara nyingi wanakuja wenyewe.

Shangani_87
Naongezea kaskazini. Mangapwani mama asishuke, pangoni na kwenye lile handaki la watumwa ni ngazi. Kizimbani na Kidichi ni mashamba, anatembea chini ya mikarafuu na kuonjeshwa kila kitu. Hamamu za Kidichi, zilizojengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, ziko jirani. Nungwi mpitieni Mnarani mkawaone kasa.

Mswahili_Maskati
Nasoma kutoka Maskati, nami naleta watoto mwakani. Kwa wenye pasi za nje: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya dola 44 kwa mgeni, inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Hiyo haimo kwenye bei ya dereva yeyote. Mluguru haikuhusu, lakini beba kitambulisho cha taifa, kiingilio cha Jozani cha raia si sawa na cha mgeni.

Mpemba_Halisi
Mkipata muda siku nyingine, njooni Pemba. Huku hakuna mjadala mrefu: msitu wa Ngezi, ufukwe wa Vumawimbi na popo wa Kidike vimeachana mbali, vilima vingi, na daladala hazikufikishi mlangoni. Gari na dereva kutoka mji wa Chake Chake, hakuna zaidi.

Mluguru_wa_Kihonda
Nimeangalia kalenda, Jumamosi yetu ni tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu, kwa hiyo ni bamvua. Nimeongea tena na wale madereva watatu. Wa bei ya chini alikataa kuniambia mafuta ni ya nani. Wa bei ya juu anaweka chakula cha mchana cha hoteli ambacho hatukihitaji. Wa kati ana Noah, na nilipomuuliza maji ya Jumamosi alijibu papo hapo: "Saa tano yako nje kabisa, saa kumi mnaoga." Huyo nimemshika. Mafuta na chakula chake vimo, viingilio na boti nalipa mwenyewe, maduka hakuna. Ijumaa mjini kwa miguu, Jumamosi kusini, Jumapili viungo na Nungwi hadi jua lizame Kendwa. Ametaka tutoke Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Si mapema mno kwa mama?

Dereva_Kisauni
Huyo umempata. Saa hiyo ni sawa, pomboo ni wa asubuhi, na mama atalala garini hadi Kizimkazi. Mchukulieni mto na shuka jepesi. Saa tatu na nusu muwe Jozani, saa tano Jambiani muone mwani, mle pweza wa nazi mpumzike, saa kumi watoto waingie majini Paje, magharibi muwe mjini.

Jumapili ndiyo uandikiane naye saa ya kurudi, kwa sababu jua la Kendwa linazama saa kumi na mbili na nusu hivi na mjini mtafika saa mbili usiku. Hizo ni saa za ziada, zitajwe bei kabla. Jumatatu asubuhi usikodi gari. Malindi hadi bandarini ni hatua chache, mizigo mpeni mtu wa mkokoteni.