Fundi kanifungia winchi kwenye ngao kama anafunga taa ya ukungu, nusura iue mtu

Wakuu, salamu baadaye. Nina grisi mpaka kwenye viwiko, winchi iko sakafuni mbele yangu, na kila bolti niliyoifungua leo imenipandisha hasira upya. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Gari ni 4x4 ya dizeli, ya chesisi, na mbele ina ngao ya chuma niliyoikuta nayo wakati naichukua. Nikanunua winchi (mashine ya kuvuta gari kwa kamba likikwama) ya umeme ya volti 12, ya paundi 9,500 (kama kilo 4,300 hivi), mpya, boksi halijafunguliwa. Nikaipeleka gereji niliyoelekezwa na watu ninaowaheshimu. Nikauliza maswali mawili. La kwanza, hii ngao inabeba winchi? "Bosi, hiyo ngao inabeba lori." La pili, umeme je? "Acha hayo kwangu, wewe kanywe chai."

Saa tatu baadaye kazi imeisha. Winchi inang'aa, kamba imekunjwa vizuri, fundi akabonyeza remoti kamba ikatoka, akabonyeza tena ikarudi. Nikalipa nikaondoka najiona mjanja. Kumbe bila mzigo hata winchi iliyofungwa kwa kamba ya katani itazunguka vizuri tu. Kujaribu winchi hewani ni sawa na kujaribu breki gari likiwa juu ya jeki.

Sasa siku yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha, kuna mwinuko mfupi wa udongo mfinyanzi, matairi yote manne yakawa yanapaka matope tu. Mdogo wangu kwenye usukani, mimi chini na remoti. Nikazungusha mkanda mpana kwenye mti ili nisiuchune, nikaenda kuachia klachi ya winchi ili nivute kamba kwa mkono. Kishikio kiko nyuma ya bomba la ngao! Vidole viwili vinaingia mpaka kwenye kiungo cha pili, basi. Nikachukua bisibisi nikisukume, wapi. Ikabidi nitoe kamba kwa umeme mpaka kwenye mti, betri inaliwa kabla hata kazi haijaanza.

Nikafunga, nikatupia koti zito katikati ya kamba ili ikikatika isichape mtu, nikasimama pembeni, nikabonyeza. Taa zikafifia zikawa za njano. Mota ikaanza kuguna kama mtu anayepandisha gunia la mahindi ngazini. Gari likasogea mita moja, labda moja na nusu, ndipo nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Kuangalia kwenye ngao, bolti moja inafuka moshi na rangi kuizunguka imetoka malengelenge. Nikaachia kitufe.

Gari likarudi nyuma.

Naandika tena kwa msiosoma vizuri: niliachia kitufe, na gari la tani mbili na nusu likaanza kuteremka huku limefungwa kwenye winchi. Dramu, lile pipa linalokunjiwa kamba, ilikuwa inazunguka yenyewe inatema kamba. Mdogo wangu akakanyaga breki, matairi yakafunga, likateleza bado, likakwama kwenye kingo ya mtaro. Angekuwepo mtu nyuma anasukuma, na mnajua kwenye tope huwa hakosekani mtu anayesukuma, leo ningekuwa naandika kitu kingine kabisa.

Nimefungua kila kitu mwenyewe nyumbani. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Naanza na ile bolti ya moshi. Ilikuwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Fundi alichukua waya wa hasi wa winchi akaufunga kwenye ngao, juu ya rangi, hakukwangua hata kidogo. Yaani umeme wa winchi ulikuwa unatakiwa kupenya rangi, upite kwenye ngao, upite kwenye bolti za ngao zenye kutu, uingie kwenye chesisi, halafu urudi kwenye betri kupitia kile kiwaya chembamba cha bodi ambacho kazi yake ni taa na redio. Hasi ya winchi inakwenda kwenye betri yenyewe, kwa waya mnene sawasawa na ule wa chanya. Hili halihitaji cheti.

Upande wa chanya ndiyo vituko. Betri yangu iko nyuma kule karibu na kioo cha mbele, kwa hiyo waya nene zilizokuja na winchi hazikufika. Sawa, inatokea. Fundi wa kweli anatafuta ndefu zaidi, na kwa urefu ule anaongeza unene. Huyu akaweka waya wa milimita 16 za mraba, vichwa vyake vimebanwa kwa nyundo. (Zile nene zilizokuja kwenye boksi hazionekani, nadhani zinapendeza kwenye gari la mtu mwingine.) Winchi ya ukubwa huu ikivuta mzigo wake wote inakula ampea 400 na zaidi. Pitisha ampea 400 kwenye mita 3 za waya ule wa shaba, unapoteza volti 1.3 njiani, na zaidi ya wati 500 zinageuka joto ndani ya waya. Ni nusu ya pasi ya nguo, imelazwa pembeni ya rejeta, na hapo bado hujagusa upinzani wa ile ethi ya kwenye rangi. Ndiyo maana mota ilikuwa inaguna. Ilikuwa na njaa.

Waya huohuo umepitishwa kwenye ukingo wa bati bila mpira wala bomba la kuukinga. Ganda limeshakatika nusu, shaba inachungulia. Na hakuna swichi kubwa ya kukata umeme! Waya wa winchi mara nyingi hauwekewi fyuzi kama wa taa, kwa sababu ya ukubwa wa mkondo, na ndiyo sababu swichi ile inawekwa: ukimaliza kuvuta unazima, waya unakufa kutoka kwenye betri mpaka mbele. Mimi nilikuwa naendesha miezi miwili na waya ulio hai unaosuguana na bati. Nimelala na hilo gari limeegeshwa ukutani mwa chumba cha watoto.

Haya, gari kurudi nyuma. Hapa ndipo nilipokaa chini kabisa.

Kamba kwenye winchi za namna hii inatakiwa kutoka chini ya dramu. Siyo suala la kupendeza. Breki iko ndani ya dramu na inashika kwa upande mmoja wa mzunguko tu. Sasa tundu la kamba kwenye ngao yangu liko juu kidogo, ukifunga winchi kama ilivyo kamba inasugua ukingo wa chini. Bwana mkubwa akaona suluhisho ni kukunja kamba kinyume, itokee juu. Akikunja kinyume, kitufe cha kuvuta kinakuwa kinaachia. Basi akafungua boksi la solenoidi (swichi za umeme zinazoendesha mota) akabadilisha waya za mota ili vitufe visome vizuri! Kila kitu kikaonekana sawa kwa macho, ila breki ikawa inashika upande usio na mzigo. Mtu aliyefikia kubadilisha waya za mota hawezi kuniambia hakujua kwamba kuna kitu kimepinduka.

Nilidhani nimemaliza. Nikalala chini kutoa bolti za miguu. Winchi hii inakaa kwa bolti nne, mpangilio wake ni wa kawaida, milimita 254 kwa 114.3, na ngao iliyotengenezwa kubeba winchi inakuja na kitanda chenye matundu hayo tayari, bamba nene, limeshikwa kwenye mikono ya chesisi. Yangu haina kitanda. Ni ngao ya urembo. Ndani ina bati unaloweza kulipigia hodi likaitika. Akatoboa matundu kwa elektrodi ya kuchomelea, mawili yakakubali, mawili yakagoma, akafunga mawili. Bolti zenyewe hazina namba yoyote kichwani, wakati zinatakiwa angalau 8.8, namba ya uimara wa bolti. Bati limeshakunjika kuelekea mbele kama mdomo wa mtoto aliyenuna, na huo ulikuwa mvuto wa mita moja tu. Ningevuta mpaka mwisho, winchi ingeng'oka iende kwenye mti na kilo zake karibu 40.

Na kijitabu cha maelekezo nimekikuta kwenye boksi, bado kiko ndani ya nailoni yake. Hakijafunguliwa. Kina mchoro wa kamba kutoka chini ya dramu, ukurasa wa mwanzo mwanzo, mchoro mkubwa tu.

Nisijifanye malaika, na mimi nina langu. Hesabu ya kuchagua winchi ni uzito wa gari likiwa limejaa mara moja na nusu. Langu likijaa ni tani 3, kwa hiyo nilihitaji kilo 4,500 na nikanunua ya 4,300 kwa kubana matumizi. Tena hizo kilo ni za mzunguko wa kwanza wa kamba kwenye dramu, ikiwa imebaki tupu karibu yote, na kila tabaka la kamba linaloongezeka juu yake linapunguza nguvu. Mti ulikuwa karibu, dramu ilikuwa bado imejaa. Ningekuwa na puli (gurudumu la kupitishia kamba) ningekunja kamba mara mbili na mzigo ungekuwa karibu nusu. Hayo nayabeba mimi. Lakini winchi ndogo inazidiwa inasimama, haiachii gari lirudi.

Nimempigia. Jibu lake la kwanza: "Bosi, winchi za siku hizi feki." Nikamwambia kuhusu ethi, akasema ngao ni chuma na chuma kinapitisha umeme. Nikamwambia kuhusu kamba, akasema kuna mteja mwingine ambaye yeye fundi alimfungia hivyohivyo na hajalalamika. Huyo mteja mwingine, kama uko humu ndani, tafadhali fungua boneti yako leo kabla hujalala. Chungulia kamba inatokea wapi.

Duka nililonunua winchi nao wamegoma na waranti, kwa sababu boksi la solenoidi limefunguliwa na waya zimehamishwa. Siwalaumu, ningekuwa wao ningegoma pia.

Jina la gereji sitaji, msinijazie inbox. Ninachotaka ni pesa ya ufundi irudi pamoja na zile waya nene. Ngao nanunua nyingine yenye kitanda chake, na safari hii kila bolti inafungwa nikiwa nimesimama pale, kijitabu mkononi.

NYONGEZA: Amepiga tena jioni hii. Anasema nilete gari kesho, bure, ataniongezea waya wa pili wa ethi. Nikamuuliza ataufunga wapi. "Palepale kwenye ngao, bosi, upande wa pili."