Naomba ushauri: nimepata kazi mpya lakini simwamini bosi

Habarini wakuu. Mwaka 2023 nilipunguzwa kazi kwenye ghala moja hapa Dar baada ya miaka 6, tena kwa meseji ya saa nne usiku. Kwenda NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), nikakuta michango ya miezi 11 haijapelekwa, na ile asilimia 10 ya mshahara wangu walikuwa wanakata kila mwezi!

Sasa nina kazi mpya, huu ni mwezi wangu wa nne hapo. Bosi hana neno, ila akiniita ofisini tumbo linakata. Kila hati ya mshahara naipiga picha, na usiku bado natuma maombi kwingine. Nilimwambia mwenzangu mmoja, akanicheka.

Nitaulizaje habari za michango yangu bila kuonekana mkorofi? Na mliopitia haya, hofu iliwaishaje?