Niko utarajali kampuni ya bima, nauza bima ndogo tu. Niombe kuhamia kitengo cha madai?

Mtarajali_Ilala

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za saa hizi.

Nimesoma bima chuoni IFM, nikabahatika kupata utarajali wa mwaka mmoja kwenye kampuni moja hapa Dar, ambayo sitaitaja. Mwanzoni walitupitisha kila kitengo harakaharaka, kisha nikapelekwa masoko na huko ndiko nimebaki mpaka leo. Nazunguka yadi za magari na maduka ya vipuri nikiuza bima ndogo, ile ya lazima inayomlipa uliyemgonga na siyo gari lako. Mteja anakata bima kwa kumwogopa trafiki. Akishaona imesoma kwenye mfumo, mazungumzo yameisha.

Kuongea na watu nimejifunza, nashukuru. Ila mwaka unayoyoma na sijawahi kushika hata faili moja la madai. Nikienda kwenye usaili nitasema najua nini?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Afisa ninayefanya naye kazi ananitaka nipokee hela za wateja kwenye simu yangu, halafu yeye ataingiza bima jioni. Nimekataa kila mara, na sasa ananiona mjeuri. Huyohuyo ndiye atakayejaza fomu yangu ya tathmini. Posho ni ya nauli na chakula, nyumbani wanategemea nipate ajira hapahapa. Nifanyeje?

Mzee_wa_Madai

Marahaba mwanangu. Nimefanya madai ya magari na moto mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitasema kwa kirefu kidogo.

Bima unauziwa karatasi. Thamani ya karatasi hiyo inajulikana siku mteja anapokuja na ripoti ya polisi na mchoro wa ajali, au anapokuja na majivu ya duka. Nikupe mfano niliokuwa nakutana nao sana. Mfanyabiashara ana mzigo wa milioni 100 dukani. Ili alipe ada ndogo anaandika milioni 60. Moto unaunguza mzigo wa milioni 20. Yeye anajua atalipwa 20 zote, maana ziko chini ya 60. Kumbe mkataba unasema amejikatia asilimia 60 tu ya thamani, kwa hiyo analipwa asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 12, na hapo bado hujatoa sehemu anayobeba mwenyewe. Analia mbele yako kwamba ameibiwa. Mkataba haukumwibia. Aliyemuuzia hakumweleza, na mara nyingi ni kwa sababu naye hakujua.

Ndiyo maana nasema ni haki yako kuomba madai. Lakini usiombe kuhama moja kwa moja, masoko hawatakuachia. Omba siku fulani za juma ukae na madai, na uongozane na mkadiriaji hasara akienda kukagua gari gereji au duka lililoungua. Ukirudi masoko utauza kwa namna nyingine kabisa.

Binti_Mauzo

Mzee kasema kweli, ila mdogo wangu usiyadharau mauzo. Nilipo mimi, watarajali waliobakizwa wengi ni wale waliokuwa na wateja wanaowapigia simu wao kwa majina. Kosa ni kuganda kwenye bima ndogo. Huyo mwenye duka la vipuri unayemkatia bima ya gari ana mzigo, ana stoo, ana wafanyakazi. Muulize mzigo wake unatoka wapi na nani anaubeba baharini. Tena siku hizi benki nazo zinauza bima, wanahitaji watu wanaoweza kuielezea.

Mkaguzi_Dodoma

Naona mnalipita la hela. Hela ya mteja isiingie kwenye simu yako hata shilingi moja.

Sheria ya bima ya 2009 iko wazi, bima haianzi bila malipo. Hela ikilala kwako asubuhi mpaka jioni, gari lile liko barabarani bila bima na mwenyewe anaamini anayo. Likimgonga mtu saa tisa, majeruhi anakwenda hospitali na PF3 yake, ile fomu ya polisi ya matibabu, na hakuna kampuni nyuma ya dereva huyo. Watakayemtafuta ni mwenye namba iliyopokea, na namba hiyo ni yako. Afisa wako haonekani popote.

Mpe mteja njia ya malipo ya kampuni, na usiondoke pale mpaka mhakiki pamoja kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, kwa namba ya gari.

Kaka_Likoni

Hapa Kenya huwezi kusajiliwa kuwa wakala na IRA, mamlaka yetu ya bima, bila COP, cheti cha ustadi wa bima, na wengi huanzia hapo hata wenye digrii. Ndugu yangu, tumia jioni zako kusoma, na ukijaliwa uanze mitihani ya CII, taasisi ya wataalamu wa bima ya London. Karatasi hizo utatembea nazo hata huyo afisa akikunyima alama.

Mtarajali_Ilala

Asanteni sana wote, na Mkaguzi umenipa nguvu. Sasa barua nimwandikie nani, rasilimali watu au mkuu wa masoko? Na suala la hela niliweke humohumo?

Mzee_wa_Madai

Yatenganishe. Ombi la madai mpelekee mkuu wa masoko mwenyewe, uso kwa uso, halafu barua fupi imfuate na nakala iende rasilimali watu. Ukiwapita masoko wataona umewashtaki.

La hela mwandikie afisa huyo baruapepe ya kiungwana: "Kama tulivyozungumza, wateja nitawaelekeza walipe kwenye akaunti ya kampuni." Usimtuhumu kwa lolote, usiongeze neno. Itunze. Akikuagiza tena kwa mdomo, mjibu kwa kuituma ileile, na safari hiyo mkuu wake awemo kwenye nakala.