Mrejesho: asumini yangu na vile vitu vyeupe kama pamba

Asalaam aleikum jamani, nimerudi kama nilivoahidi. Waliosahau, mimi ndo yule wa Lamu niliyeuliza kuhusu asumini yangu ya darini, majani yananata na vitu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo, na boganvilia imejaa majani matupu haina rangi.

Basi mliosema ni vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofyonza mmea, mlikuwa sawa. Nilikibonyeza kimoja kwa kucha kikatoa maji ya pinki, yaani kinyaa! Ila aliyeniokoa hasa ni yule aliyesema niangalie sisimizi kwanza, nikachungulia usiku na tochi ya simu nikaona msururu wao toka ukutani mpaka kileleni, kumbe wanawalinda wale wadudu wapate ule utamu wanaoutoa. Nikapandisha vyungu juu ya mawe ndani ya beseni la maji, na matawi yaliyogusa ukuta nikayakata, sisimizi kwisha. Halafu sabuni ya maji kijiko kimoja kwa lita, napuliza jioni chini ya majani, asubuhi nasuuza, kila baada ya siku 5, mara 4 sasa. Ile ya kwanza nilitia sabuni kwa kukisia majani yakaungua, hilo kosa langu.

Boganvilia nimeipunguzia maji tu, na kaskazi hii kavu, saa hizi ni zambarau tupu. Asumini ya kufunga kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia cha kujipambia wanawake, bado, ila leo nimehesabu vitumba 11 na mama mkwe keshavitolea macho.