Aya za utani kwa wahitimu wenzangu wa sheria: niandike nini, niache nini?

MhitimuUsaRiver

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Sisi ni darasa la shahada ya sheria katika chuo kimoja hapa Usa River, na mwezi ujao tutavaa majoho. Kamati ya mahafali imenikabidhi kazi ambayo kila mtu aliikwepa, yaani kumwandikia kila mhitimu aya moja ya utani, itakayosomwa usiku wa chakula cha kuagana mbele ya wazazi na wahadhiri. Tuko arobaini na wawili. Nimeandika za watu kumi na nimekwama.

Kwanza, aya zangu zote zinafanana. Kila mtu ni "mcheshi, mchapakazi na mpenda watu", kiasi kwamba hata ukihamisha majina hakuna atakayegundua. Pili, ninapojaribu kuandika ukweli, naishia kwenye mambo ambayo mzazi wa mtu hapaswi kuyasikia akiwa amevaa kitenge kipya. Kwa mfano, tuna wenzetu wawili, kijana na binti, waliopanga nyumba moja kule Leganga tangu mwaka wa pili, na darasa zima huwaita "Kifungu cha 160". Kifungu hicho cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, hadi watu wakawachukulia kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana kihalali mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sisi tunacheka hadi machozi, lakini baba wa binti ni mzee wa kanisa huko Machame na atakaa meza ya mbele. Niiandike au niiache?

WakiliMnaraWaSaa

Iache, mdogo wangu. Dhana ya kifungu hicho inaweza kukanushwa, lakini kitakachotokea kwenye uso wa mzee yule hakitakuwa na rufaa.

Kuhusu kufanana kwa aya zako, tatizo ni kwamba unatoa hukumu bila kuleta ushahidi. Umesoma Sheria ya Ushahidi, nayo inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: kama ni jambo la kuonekana, alieleze aliyeliona. "Mchapakazi" hujaliona kwa macho. Umeona mtu fulani akifanya jambo fulani, mahali fulani, tena mara nyingi. Liandike hilo.

Katika darasa letu alikuwepo Mmeru mmoja aliyekalia kiti kile kile, safu ya pili karibu na dirisha, tangu siku ya kwanza. Akimkuta mtu amekikalia hakugombana naye. Alisimama kando na kuanza kusimulia, polepole na kwa sauti ya upole, jinsi Wameru walivyofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, na jinsi Kirilo Japhet alivyosafiri mwaka uliofuata hadi New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Sijawahi kuona mtu aliyevumilia mpaka safari ikafika New York. Wengi walihama simulizi ikiwa bado Engare Nanyuki. Usiku wa kuagana tulimwandikia hivi: "Safari ya Kirilo Japhet haikuwarudishia Wameru ardhi yao papo hapo, lakini imemrudishia mwenzetu kiti chake kila Jumatatu." Babu yake alikuwa ukumbini. Alisimama na fimbo yake, akaomba isomwe tena.

MpareWaSame

Mimi nipo mwaka wa tatu, na nina ombi moja kwa niaba ya kabila langu. Tafadhali usiandike kwamba Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Sitakasirika, kwa kuwa watani zangu Wachagga wana haki yao ya kunitania nami nina yangu, lakini nitapiga miayo, maana maneno hayo nayasikia tangu kidato cha kwanza na yanamhusu kila Mpare, kwa hiyo hayanihusu mimi.

Ukitaka kunicheka, leta vielelezo. Mwaka jana nilidai nusu alama katika jaribio la sheria ya mikataba. Nilitoa kopi kurasa kumi na nne, nilipanda daladala mara tatu kumfuata mhadhiri hadi mjini, na baada ya wiki saba nilishinda. Daraja langu lilikuwa C kabla ya shauri, na baada ya ushindi likabaki C. Hapo hata mimi nakiri kwamba ng'ombe ameuzwa, ila angalau ni ng'ombe wangu.

Jambo jingine ni kwamba aya yako mwenyewe isomwe ya kwanza, na iwe kali kuliko zote. Anayetania bila kukubali kutaniwa huyo si mtani.

MamaUkwaju

Naunga mkono waliotangulia, ila nina lalamiko. Katika mahafali nyingi nilizohudhuria, wavulana huandikiwa vituko vyao na wasichana huandikiwa mavazi yao. "Mrembo wetu", "malkia wa viatu virefu", basi, imekwisha. Mimi nilisoma na binti aliyeuza juisi ya ukwaju bwenini, na nusu ya darasa ilikuwa imeandikwa kwenye daftari lake la madeni. Tulipofundishwa shauri la Donoghue na Stevenson la mwaka 1932, lile la mabaki ya konokono yaliyodaiwa kupatikana ndani ya chupa ya kinywaji cha tangawizi kule Uskoti, sisi tulinakili maelezo tukaenda kulala. Yeye aliona kwamba chupa ile ilikuwa ya rangi nzito isiyoonyesha kilichomo ndani, na kesho yake akahamishia juisi yote kwenye chupa angavu, bei ikapanda kwa shilingi mia.

Siku fedha za mkopo wa elimu ya juu, yaani bumu, zilipoingia, alikaa na daftari lake karibu na mashine ya kutolea fedha. Kijana mmoja aliahidi kumlipa kwa mapenzi ya dhati. Alimjibu kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba makubaliano ambayo upande mmoja hautoi chochote ni batili, na kwamba kwa jinsi anavyomfahamu, mapenzi yake ni chochote kidogo sana. Niambieni, mtu huyo unamwandikiaje habari za viatu?

MhitimuUsaRiver

Nawashukuru sana, kaka zangu na dada yangu. Nimefuta aya zote kumi. Yangu inaeleza siku nilipojiandaa wiki nzima kwa mahakama ya mafunzo, nikasimama na kuitetea Jamhuri kwa dakika tano kabla ya kukumbushwa kwamba mimi ndiye wakili wa mshtakiwa.

Ile ya wenzetu wa Leganga sasa inasomeka hivi: "Masika yote ya Usa River wawili hawa walikuja darasani chini ya mwavuli mmoja, kila mmoja akiwa amelowa bega moja, na kila mmoja akidai mbele ya mashahidi kwamba mwavuli ni wake." Nimewaonyesha wote wawili kabla ya kuipeleka kwa kamati. Kijana amecheka na kuridhia. Binti ameomba nirekebishe kosa moja: mwavuli ni wake, na risiti anayo.