Oksidi ya antimoni: 2825.80, 3824.99, 3812 au 2617? Tulinganishe

Mzigo_Kurasini
Wakuu, naomba tulinganishe misimbo ya ushuru (HS) kabla tamko la forodha halijaingia. Kontena moja la futi 20 linakwenda kwa mchanganyaji wa PVC ya nyaya za umeme, Dar. Ankara ina mistari mitatu na yote imeandikwa "oksidi ya antimoni":
A. Unga mweupe, Sb2O3 99.8%, mifuko ya kilo 25.
B. Unga huohuo uliolowanishwa kwa mafuta ya madini 4% ili usitimke vumbi.
C. Punje: oksidi 80%, polietilini 20%.
Muuzaji kaweka 3812 kwa yote matatu. Wakala wa forodha anataka yote yaende 2825.80. Nani yuko sahihi?

SuraYa28
Wakala kapata mawili kati ya matatu. Muuzaji hana hata moja.

A ni 2825.80 bila mjadala. Oksidi zote za antimoni zina kifungu chao kidogo, iwe trioksidi (CAS, yaani namba ya utambulisho wa kemikali, 1309-64-4), tetroksidi (1332-81-6) au pentoksidi (1314-60-9).

B inabaki hapohapo kwa Maelezo ya 1(e) ya Sura ya 28 (kemikali zisizo za kikaboni), yanayoruhusu kitu cha kuzuia vumbi kilichoongezwa kwa urahisi wa kuitambua bidhaa au kwa usalama. Sharti ni kwamba nyongeza isiifanye bidhaa ifae matumizi maalumu kuliko matumizi ya jumla.

C si kemikali moja tena, ni maandalizi. Inatoka Sura ya 28.

Na 3812 ni mtego wa kawaida. Kichwa kile ni cha viharakishi vya mpira, vilainishi mchanganyiko na vidhibiti mchanganyiko vya mpira na plastiki, yaani vitu vinavyoikinga plastiki isiharibiwe na joto, mwanga au hewa. Antimoni hailindi PVC na jua. Inashirikiana na klorini au bromini kuzima mwali plastiki ikishika moto. Kuna wengine hukimbilia 3813 wakisikia "moto", lakini 3813 ni ya maandalizi na chaji za mitungi ya kuzimia moto.

Polima_Tanga
Kwenye B nina pingamizi dogo. "Mafuta 4%" hayatoshi, uliza ni mafuta gani. Mafuta ya madini, dietilini glikoli au maji, asilimia 3 hadi 5, ni kuzuia vumbi tu; unga ule bado unafaa kwenye PVC, kwenye rangi na kwenye kichocheo cha poliesta. Wakikuletea oksidi iliyokorogwa ndani ya kilainishi cha PVC mpaka ikawa uji mzito, kilainishi 15% au 20%, hiyo imeshatengenezwa kwa ajili ya PVC. Hapo Maelezo ya 1(e) hayakuokoi, unaangukia 3824.99 (maandalizi ya kemikali yasiyotajwa kwingine).

Afisa anaangalia vitu viwili: upungufu wa uzito baada ya kupasha joto, na jina la kilicholowanisha. Vyote viwe kwenye cheti cha uchambuzi. Cheti kikisema "Sb2O3 95.8%" na kunyamaza kuhusu 4.2% iliyobaki, utaitwa tu.

SuraYa28
Sahihi kabisa. Na isiandikwe "daraja la PVC" kwenye ankara kama ni unga wa kawaida. Neno hilo linaalika hoja ya matumizi maalumu bila sababu.

bandari_254
Mimi niongee juu ya C, maana hapo ndipo watu hulipishwa mara mbili. Njia zinazotajwa ni 3824.99, 3901 (polima za ethilini) na 3206 (vitu vya kutia rangi).

3206 itoe kwanza. Masterbachi ya rangi (punje za plastiki zenye rangi iliyokolea) huingia 3206 kwa kuwa kazi yake ni kutia rangi. Punje zako ni nyeupe kwa sababu oksidi yenyewe ni nyeupe; hakuna anayezinunua kwa weupe wake. Kinachoingia 3206 kweli ni kile kiitwacho nyeupe ya antimoni kikiwa kimechanganywa na oksidi ya zinki. Nyeupe ya antimoni ambayo ni oksidi safi inarudi 2825.80. Jina moja, vichwa viwili.

3901 ina hoja: plastiki yenye kijazio bado ni plastiki. Ila kwako polietilini ni 20% na ipo kama kibebeo tu, ili mashine ilishwe punje badala ya vumbi. Kwa Kanuni ya 3(b) ya kuainisha bidhaa zilizochanganywa, kinachoipa bidhaa sifa yake kuu ni oksidi. Mimi ningeenda 3824.99. Uwiano ukigeuka, mfano oksidi 8% ndani ya polietilini inayokwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kuvika waya, hoja ya 3901 inapata nguvu.

Polima_Tanga
Nakubali, kwa onyo moja. Uliza kama kwenye zile 80% kuna kiungo chenye bromini, maana punje nyingi huuzwa zikiwa na vyote viwili. Kukiwa na difenili etha za bromini za tetra hadi okta, kifungu ni 3824.88, na hapo unagusa Mkataba wa Stockholm (wa kemikali sumu zisizooza), si ushuru peke yake.

Mzigo_Kurasini
Asanteni. Muuzaji mwingine ana "oksidi ghafi, Sb 75%", bei nafuu sana. Hiyo nayo 2825.80?

Maabara_Kimya
Piga hesabu kwanza. Trioksidi safi ina Sb (antimoni) 83.5%, tetroksidi 79.2%, pentoksidi 75.3%. Kwa hiyo "Sb 75%" yaweza kuwa pentoksidi karibu safi, au trioksidi ya takriban 90% yenye uchafu wa asilimia 10. Bei nafuu inaashiria ya pili, maana pentoksidi haiuzwi bei ya kutupa.

Kisha uliza imetoka wapi. Uchafu uliobaki kutokana na utengenezaji wenyewe, kama risasi na aseniki kidogo kutoka kwenye stibinaiti (madini ya antimoni), hauiondoi 2825.80. Vumbi lililokusanywa kwenye mabomba ya moshi ya kiwanda cha kuyeyusha, linalouzwa ili metali itolewe, ni mabaki: 2620.91. Likiwa na aseniki ya aina inayonunuliwa ili itolewe hiyo aseniki, 2620.60. Madini ya asili ya oksidi, senarmontaiti na valentinaiti, ni 2617.10 hata yakiwa na kemia ileile ya Sb2O3. Na unga wa kijivu wenye mng'ao ni metali, 8110.10.

Mabaki yana mzigo wa pili. Antimoni na michanganyiko yake ni Y27 kwenye Mkataba wa Basel wa usafirishaji wa taka hatari, hivyo yakihesabika kuwa taka yanahitaji idhini kabla ya kusafirishwa. Unafuu wa bei utaishia hapo.

bandari_254
Ongeza suala la meli. Oksidi ya antimoni yenye aseniki isiyozidi 0.5% ya uzito wote haibanwi na kanuni za bidhaa hatari. Ikizidi, ni UN 1549, daraja 6.1 (sumu). Vyeti huandika As2O3 (oksidi ya aseniki), kanuni inahesabu As (aseniki yenyewe). Zidisha kwa 0.757: As2O3 0.6% ni As 0.45%, umepita, 0.7% ni 0.53%, umenaswa.

SuraYa28
Kama mzigo unatoka China: tangu 15 Septemba 2024 wanadhibiti usafirishaji wa oksidi ya antimoni yenye usafi wa 99.99% na zaidi. Ya 99.8% iko chini ya kizingiti, ila iko kwenye 2825.80 ileile, kwa hiyo muuzaji anaweza kuombwa cheti cha usafi kabla meli haijapakia. Mpangie muda.

Na jihadharini na kifupi ATO. Kuna wanaomaanisha trioksidi ya antimoni na kuna wanaomaanisha oksidi ya bati iliyotiwa antimoni, ule unga wa buluu unaopitisha umeme. Huo wa pili si 2825.80. Msihukumu kwa kifupi, someni CAS.

Mzigo_Kurasini
Basi naandika hivi, mnirekebishe:
A: "Trioksidi ya antimoni, unga, Sb2O3 99.8%, CAS 1309-64-4", 2825.80.
B: "Trioksidi ya antimoni, unga, Sb2O3 96%, imelowanishwa kwa mafuta ya madini 4% kuzuia vumbi", 2825.80.
C: "Maandalizi ya kupunguza kuwaka, punje, trioksidi ya antimoni 80% ndani ya polietilini 20%", 3824.99.

SuraYa28
Iko sawa. Kwa C ongeza "bila bromini" kama muuzaji amethibitisha kwa maandishi, na omba uamuzi wa awali wa TRA (Mamlaka ya Mapato) kuhusu msimbo kabla ya kuagiza kontena la pili. Kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali kiombwe mapema kwa mistari yote mitatu, na majina yafanane herufi kwa herufi na ya kwenye tamko. Mzigo wa namna hii hukwama zaidi kwa majina kutofanana kuliko kwa msimbo.