Mnaotengeneza picha za wanyama za kupaka rangi na kazi za karatasi za watoto: mnatudharau, na watoto wetu mnawadharau zaidi

Wakuu na wazazi wenzangu, nimevumilia vya kutosha. Leo nasema.

Buibui mwenye miguu sita. Ndiyo, sita, mitatu huku na mitatu huku, na yote inatoka tumboni. Amechapwa ukurasa mzima, mistari minene, na chini yake maandishi makubwa: "Hesabu miguu ya buibui kisha mpake rangi." Mtoto akahesabu, akaandika sita, akapaka rangi. Baadaye akamwona buibui wa kweli ukutani, akahesabu minane, akaja kuniuliza huyu wa ukutani ana tatizo gani. Huyu wa ukutani! Yaani mtoto ameamini kitabu, akamtilia shaka mnyama mwenyewe. Nikakichukua kile kitabu nikakikagua ukurasa kwa ukurasa, kisha nikakagua na vingine vyote vilivyomo nyumbani, pamoja na makaratasi tuliyoyapakua mtandaoni na kuyachapa. Nilichokikuta kinaudhi.

Kipepeo mwenye mabawa mawili, wakati ana manne, mawili kila upande. Nyuki mwenye miguu minne. Pweza mwenye mikono sita, na katika kitabu kingine pweza mwenye kumi. Pweza ana minane. Mwenye kumi ni ngisi, na hata huyo ana minane ya kawaida na miwili mirefu ya kukamatia. Pomboo amechorewa mkia uliosimama wima kama wa papa, wakati mkia wa pomboo na wa nyangumi umelala bapa na unapigwa juu na chini, ndiyo maana unajua wao si samaki hata kwa kuwatazama tu wanavyoogelea. Kasa wa baharini amepewa miguu minene ya kobe wa nchi kavu, yenye kucha na vidole, eti anaogelea nayo. Kasa ana mapezi! Pengwini na dubu wa barafu wameshikana mikono juu ya theluji, na hawa maishani mwao porini hawakutani: dubu wa barafu yuko kaskazini kabisa mwa dunia, pengwini wa porini karibu wote wako kusini mwa ikweta.

Lakini kilichonichoma kuliko vyote ni chui na duma. Kitabu kina ukurasa wa chui na ukurasa wa duma, na ni mchoro uleule! Wamegeuza tu upande anaotazama na kubadilisha jina. Duma ana madoa meusi yaliyojaa, na ana ile michirizi miwili meusi inayoshuka kutoka pembe za macho hadi mdomoni. Chui madoa yake ni vishada, duara lililokatika katika lenye rangi ya giza kidogo ndani yake. Na chui hana michirizi ya machozi. Kwa mtoto anayepaka rangi, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mkono wake unapita juu ya kila doa, moja baada ya jingine, polepole, ulimi umetoka nje. Hakuna mtu mzima anayemtazama mnyama kwa muda mrefu namna hiyo. Mtoto aliyepewa mchoro wa kweli wa chui, akimaliza kupaka anamjua chui kwa vidole. Mliyempa huo uchafu wenu ametumia muda uleule na makini ileile kujifunza uongo.

Na msije hapa kuniambia "mwache mtoto awe huru na ubunifu wake". Mtoto akimpaka tembo zambarau, twiga bluu na mamba waridi, mimi napiga makofi. Rangi ni yake. Mstari ni wenu. Mtoto hakuuchora, aliukuta, na anauamini kwa sababu umechapwa na mtu mzima. Mchoro wa kuchekesha wenye tembo aliyevaa viatu nao sina ugomvi nao, kwa sababu mtoto anajua ni mchezo. Ninachopigia kelele ni karatasi inayojiita "Jifunze Wanyama" halafu haina mnyama hata mmoja aliye sahihi.

Kosa lililochapwa halifi haraka. Mwaka 1515 kifaru kutoka India alifikishwa Lisbon kwa meli, na mchoraji Albrecht Dürer, aliyekuwa mbali huko Ujerumani, akachora picha yake ikachongwa kwenye ubao wa kuchapia, bila kumwona, kwa kutegemea barua na mchoro wa mtu mwingine. Akamchora ana ngozi ya mabamba kama askari wa deraya, akamwongezea na kipembe kidogo kwenye mabega ambacho hakipo. Picha ile ilinakiliwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 200, kipembe na yote. Dürer namsamehe. Hakuwa na picha, hakuwa na mnyama, kifaru alikuwa mmoja tu barani kote. Nyinyi mna nini cha kujitetea? Picha halisi za kila mnyama mnazo kwenye simu hiyohiyo mnayotangazia bidhaa zenu. Mmeshindwa kutazama kwa dakika moja tu.

Sasa tumeletewa balaa jipya la picha za akili mnemba. Watu wanabonyeza kitufe, wanapata kurasa mia, wanafunga kitabu, wanauza. Tembo mwenye miguu mitano. Farasi ambaye mguu wa nyuma unaungana na wa mbele. Tausi ambaye manyoya yake yanageuka kuwa majani, majani yanageuka kuwa mkia wa mnyama mwingine asiyeeleweka. Mistari haifungi, kwa hiyo mtoto hajui rangi iishie wapi. Mahali pa kupaka pamejazwa vivuli vya kijivu, kwa hiyo rangi yoyote inatoka chafu. Vijitundu vidogo kuliko ncha ya kreyoni, mamia kwa mamia, kwenye kitabu kinachosema ni cha mtoto wa miaka 3. Na jalada? Jalada zuri kweli, simba ametulia, miguu minne, kwa sababu mnajua mnunuzi haoni ndani.

Hata picha yenyewe ikiwa sahihi, ubora wake ni wa aibu. Ukurasa wa A4 ukitaka uchapike vizuri, kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji picha ya takriban pikseli (nukta za picha) 2480 kwa 3508. Mnatupa kijipicha cha 600, kimevutwa mpaka mistari ina meno, halafu mmekipitishia jina la tovuti yenu katikati ya uso wa sungura. Hapo ni baada ya kufunga matangazo na kubonyeza vitufe vya "pakua" vya uongo ili kukifikia.

Tuje kwenye kukata na kubandika, maana huku ndiko watoto wanakolizwa.

Nataka mtu anieleze nani aliandika "miaka 3+" kwenye twiga wa karatasi mwenye miguu myembamba kama njiti na pembe za milimita mbili. Mtoto wa miaka 3 kwa kawaida anaweza kukwanyua kingo za karatasi kwa mkasi. Karibu na miaka 4 anaweza kufuata mstari ulionyooka. Duara na mistari iliyopinda vinakuja kwenye miaka 5, 6 hivi, na kona za ndani baada ya hapo. Haya yanajulikana, mwalimu yeyote wa chekechea atakwambia. Lakini nyinyi mnaandika umri kwa kutazama soko. Mtoto anakata, shingo inakatika, anajaribu, inakatika, anatupa mkasi na kusema "mimi sijui". Anajua! Asiyejua ni aliyechora.

Halafu uzito wa karatasi. Printa za nyumbani zinatumia karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Mnyama wa miguu minne wa kusimama, mwenye kichwa kizito mbele, akitengenezwa kwa gramu 80 anapiga magoti palepale. Anahitaji karatasi ngumu, gramu 160 au 200. Ni mstari mmoja tu wa kuandika juu ya ukurasa: "tumia karatasi ya uzito fulani". Hamuandiki. Na kama mnataka itumike karatasi laini, basi buni mnyama anayeweza kusimama kwa karatasi laini, inawezekana kabisa: kunja karatasi katikati, mkunjo ndio mgongo, kata upinde upande wa chini ulio wazi, zimebaki pande mbili zenye miguu minne, ongeza kichwa na mkia. Anasimama. Mtoto wa miaka 5 anaweza mwenyewe. Kwa nini hamuuzi hiyo? Kwa sababu kwenye picha ya tangazo haing'ai.

Saizi ya ukurasa nayo. Faili nyingi zimepangwa kwa karatasi ya Marekani, milimita 216 kwa 279. Sehemu kubwa ya dunia inatumia A4, 210 kwa 297. Printa inapunguza picha kidogo ili itoshee, au inakata pembeni kabisa, inategemea ilivyowekwa. Ukichapa kurasa mbili kwa mipangilio tofauti, mwili wa mamba unatoka saizi moja na taya saizi nyingine, na vile vishikio vya gundi havikutani. Vishikio vyenyewe ni vya milimita tatu! Kidole cha mtoto kinatoshea wapi? Gundi yote inaishia juu ya meza na kwenye nywele.

Mistari ya kukunja ni vurugu tupu. Akira Yoshizawa wa Japani, mtu aliyeinua kazi ya kukunja karatasi ikawa sanaa, alishaweka utaratibu miongo mingi iliyopita: vistari vifupi maana yake kunja kuelekea ndani, kistari na nukta maana yake kunja kuelekea nje. Dunia nzima ya origami inautumia. Nyinyi mnaweka nukta kwa kukata, nukta kwa kukunja, nukta kwa kupamba. Mtoto anakata mahali pa kukunja, bawa la ndege linadondoka, anaambiwa hakuwa makini. Na maelekezo yenu yanaruka: hatua ya nne ni pembetatu, ya tano ni korongo kamili mwenye shingo na mkia. Katikati hapo mmeficha mikunjo mingapi?

Watoto wanaotumia mkono wa kushoto hata hamjui kama wapo. Mkasi wa kawaida ukishikwa kwa kushoto, kidole gumba kinayatenganisha makali badala ya kuyabana, na kali la juu linaziba mstari. Mtoto anatafuna karatasi badala ya kuikata. Vifurushi vyenu vyenye mkasi ndani, vyote ni vya kulia, na hakuna panapoandikwa.

La mwisho kwa upande huu, na hili silitanii mtu. Yale macho madogo ya plastiki yenye mboni inayocheza, mnayaweka kwenye vifurushi vya "mimi na mwanangu wa miaka 2". Mtoto chini ya miaka 3 anaweka kila kitu mdomoni. Kitu kidogo kiasi hicho kinaweza kumpalia na kumziba njia ya hewa. Jicho la sungura linachorwa kwa kalamu! Duara na nukta, basi.

Na nyinyi wa video, mnaotuonyesha bundi wa karatasi mwenye manyoya mia tatu yaliyokatwa kwa wembe na kubandikwa kwa gundi ya moto, mkaandika "kazi rahisi ya mtoto": mtoto yuko wapi? Anaonekana sekunde ya mwisho akikishika kitu alichokatazwa kukigusa wakati kinatengenezwa. Mzazi anajaribu nyumbani, anaishia kufanya yeye, mtoto amekaa pembeni anaambiwa subiri. Bundi anapatikana. Mtoto hakufanya chochote.

Najua watakuja wa kusema "ni karatasi tu za watoto, mbona unakasirika hivyo". Nakasirika kwa sababu mtoto hana namna ya kulalamika. Mtu mzima akinunua kabati lisilofungana analirudisha. Mtoto akipewa mamba asiyefungana anajilaumu mwenyewe, na baada ya mara kadhaa anaacha kushika mkasi, na wazazi tunasema hapendi kazi za mikono.

Ninachotaka ni kidogo. Mchoraji amtazame mnyama kabla ya kumchora. Kazi ya kukata ikatwe kwanza na mtoto wa umri unaoandikwa, kwa mkasi wake, kwenye karatasi ya kawaida, bila kusaidiwa, na ikimshinda irudi mezani kwa mchoraji. Anayetumia akili mnemba aandike hivyo kwenye jalada na akague kila mguu.

Wadau mlio na violezo vya wanyama vinavyofanya kazi kweli, viwekeni hapa chini tuvitumie. Andikeni uzito wa karatasi, saizi ya ukurasa, na umri wa mtoto aliyekata mwenyewe. Na picha mtakazoweka ziwe za kazi ya mtoto, iliyopinda ikiwa imepinda. Zile za kazi ya mtu mzima nimeshaziona za kutosha.